Mwenye Neno Hatoki

11 Machi

Kaka yangu mpendwa,

Hujambo huko uliko? Sisi hatujambo, kwa maana ya kwamba tunapumua. Baba anakula vizuri, analala vibaya, na ulimi wake mzima kuliko nyonga yake. Anakusalimia sana. Kila anayeingia humu ndani lazima aambiwe kwamba mwanawe Msomi anaandika kamusi. Hata mleta mitungi ya gesi ameshaambiwa, na mtungi akiwa bado begani.

Utashangaa kwa nini nakuandikia barua wakati simu ipo. Ukuta kati ya chumba changu na cha baba ni wa mbao, na tangu alipoanguka masikio yake yamekuwa makali mno. Nikisema haloo, anauliza ni nani. Nikinong'ona, anauliza kwa nini nanong'ona. Kwa hiyo naandika, na nikienda dukani nitapita posta kimya kimya.

Habari ni hii. Chuo cha upimaji ardhi kimenijibu. Ile nafasi niliyoiahirisha mwaka jana wamenishikia, lakini wamesema hii ndiyo mara ya mwisho. Nifike tarehe mbili Septemba. Nisipofika anapewa mwingine, na anayeahirisha mara ya pili hapokelewi tena.

Ulisema mwenyewe, siku baba alipotoka hospitali: "Futi, nishikie tu mpaka nimalize herufi yangu, halafu nakuja kukaa naye, wewe uende." Nikashika. Sasa mikono imeanza kufa ganzi, kaka. Asubuhi namgeuza, namsafisha, namlisha. Mchana namsomea gazeti naye ananisahihisha matamshi. Jioni namgeuza tena. Nikitoka kuanika shuka, anagonga chuma cha kitanda kwa ile rula yake ya mbao, ile ya darasani, mpaka nirudi. Mgeni hamtaki. Yule mama tuliyemleta kumsaidia alikimbia siku ya pili, baada ya kusahihishwa salamu.

Herufi yako ni S, na mwaka jana uliniambia imebaki kidogo. Kidogo hicho ni nini?

Nakungoja.

Mdogo wako,
Futi


2 Aprili

Mdogo wangu Futi,

Barua yako imefika imekunjwa ndogo kama tiketi, nikajua imetoka mafichoni. Mimi sijambo, ila macho yananiwasha kwa vumbi la makaratasi na kiti changu kimevunjika mgongo. Mpe baba salamu zangu, mwambie nafanya kazi.

Hongera kwa chuo. Nilicheka peke yangu nikikumbuka ulivyokuwa ukizunguka nyumba nzima na futi ya marehemu mama, unapima meza, unapima mbwa, unapima tumbo la baba akiwa amelala. Ndiyo maana tukakupa jina hilo.

Sasa nikueleze nilivyobanwa. Ofisi yetu ilikuwa stoo. Ina mlango mmoja, na dirisha linalotazama ukuta wa jengo la pili, karibu kabisa, ukinyoosha mkono unaugusa. Tunakaa watatu kwenye meza moja: Profesa ambaye ndiye mwenyekiti, mzee mmoja tunayemwita Bwana Koma kwa sababu hapitishi sentensi bila kuibadilisha vituo, na mimi. Kila neno la Kiingereza lina kadi yake. Mmoja wetu analichukua, anakuwa mwenye neno, anatafuta maana yake na linavyotumika, kisha tunabishana. Tukikubaliana, kadi inasainiwa na sisi wote watatu, inakwenda kwa mpiga chapa.

Na kuna sheria: mwenye neno hatoki. Huendi likizo, huendi harusini, huhami, mpaka kadi yako imesainiwa. Sheria hiyo ilianza baada ya mhariri mmoja kwenda likizo na kadi kwenye mfuko wa koti. Koti likafuliwa, kamusi ya awali ikachapishwa, na nchi nzima ikagundua kwamba humo ndani Waingereza hawana mkate. Tangu hapo tunafungiwa na maneno yetu.

Nimebakiza neno moja tu. Scholarly. Unalijua, baba aliliandika kwenye ripoti yangu ya darasa la tatu, wakati alipokuwa mwalimu wangu wa darasa. Unadhani ni rahisi? Ukisema "-a kitaalamu", Bwana Koma anakwambia hata fundi wa mabomba ni mtaalamu. Ukisema "-enye elimu", anauliza elimu gani, kiasi gani, ya wapi. Profesa anataka "-a kitaaluma", na hiyo inakaa vizuri kwenye makala na majarida, lakini jaribu kumwambia mtu "wewe ni wa kitaaluma" uone atakavyokutazama. Mimi nilitaja "-a kisomi". Bwana Koma akasema watu hulitumia kwa dhihaka.

Hebu muulize baba yeye angelitafsirije. Nikishalimaliza hili tu, nakuja.

Kaka yako,
Msomi


19 Aprili

Kaka yangu,

Habari za huko kwenye stoo? Huku kwetu salama, mvua imepita, shuka zinakauka. Baba alipata kidonda kidogo kisiginoni kwa kulalia upande mmoja, nimekitibu, kinafunga.

Nilimuuliza kuhusu neno lako. Kaka, ungemwona. Aliniambia nimwinue, nimwekee mito miwili, nimletee miwani ingawa hakukuwa na cha kusoma. Kisha akafundisha mpaka chai ikapoa. Andika, nakupa alivyosema.

Neno hilo, anasema, halipewi mtoto aliyepata alama nyingi. Huyo amefaulu tu. Hupewa mtu anayeweza kukaa na swali moja mpaka wengine wote wamekwenda kula. Hupewa kitabu kinachokwambia kila jambo kimelitoa wapi. Unaweza kulisema juu ya sura ya mtu, juu ya maktaba, juu ya mabishano, lakini si juu ya jengo la shule. Na jambo kubwa, akanigonga mkononi na rula nisisahau: mtu hajiiti hivyo mwenyewe. Ni wengine wanaomwita.

Nikamuuliza, "Baba, na mwanamke anaitwa?" Akasema, "Anaitwa, kwa nini asiitwe?" Nikauliza, "Na mimi je?" Akanitazama kwa upole kabisa, kaka, hakuwa na ubaya hata kidogo, akasema, "Wewe una akili ya mikono, mwanangu. Kaka yako ana ile nyingine. Nigeuze basi, mguu umelala."

Nikamgeuza. Nilitaka kulia, nikakosa pa kwenda kulilia.

Jirani yetu, yule Mama Cherehani, naye nilimuuliza akiwa anapima mapazia. Anasema kwake mtu wa kisomi ni yule anayefunga kifungo cha juu kabisa cha shati hata kukiwa na joto, na kalamu mbili mfukoni, moja haiandiki. Mpe Bwana Koma na hiyo.

Tafadhali kaka, harakisha. Ninahitaji kujua ili nianze kumzoesha baba kwamba naondoka. Bado sijamwambia.

Mdogo wako,
Futi


20 Mei

Futi wangu,

Natumaini barua hii inakukuta na afya na kisigino cha baba kimepona. Mimi mafua yalinishika nikapiga chafya juu ya kadi za watu, lakini sasa nafuu.

Maelezo ya baba niliyasoma mezani. Profesa alivua miwani, akasema, "Huyu mzee angekuwa hapa tungekuwa tumemaliza." Mwambie, atafurahi. Ya Mama Cherehani nayo niliisoma, na Bwana Koma akafungua kifungo cha shingoni taratibu akidhani hatumwoni.

Tumepiga hatua. Profesa amekubali kwamba neno linaweza kuwa na tafsiri mbili, "-a kisomi" kwa mtu na "-a kitaaluma" kwa maandishi. Amesaini. Sasa tatizo ni Bwana Koma. Yeye hapingi tafsiri zenyewe, anapinga kinachozitenganisha. Profesa aliweka mkato, yeye anataka nuktamkato, kwa sababu mkato unasema ni kitu kimoja na nuktamkato inasema ni ndugu wawili wasioishi nyumba moja. Najua unanuna. Mimi mwenyewe wakati mwingine natazama ule ukuta wa dirishani nataka kuupigia kelele.

Usimwambie baba bado. Kwa nini umtie roho juu mapema? Nimebakiza kitu kimoja tu.

Kaka yako,
Msomi


8 Juni

Kaka,

Salamu. Sisi wazima. Mimi nimechoka.

Barua yako niliisoma bafuni, maji yakitiririka ili baba adhani naoga. Nimefika hapo. Nina umri huu wote na nasoma barua ya ndugu yangu kama mwizi.

Nimepima chumba cha baba kwa ile futi ya mama. Nimepima kitanda, mlango, dirisha, na nafasi kati ya kitanda na kabati ambapo napita kiubavu kila siku. Nimekichora chote kwenye karatasi kwa vipimo vyake, kila kitu mahali pake, hata rula. Ni mchoro mzuri, sijidai. Nilipoutazama nikaona kwamba nimechora dunia yangu yote na bado karatasi imebaki tupu upande mmoja.

Huko chuoni wanafundisha kupima mabonde. Unasimama juu ya kilima na chombo chenye miguu mitatu, unatazama mbali, na kule mbali kuna mwenzako ameshika mti wa kupimia anakungoja umpe ishara. Nalifikiria hilo kila ninapopita kiubavu.

Mkato au nuktamkato, sainini tu, uje unifungulie.

Futi


6 Julai

Mdogo wangu,

Usinikasirikie. Hujambo lakini? Na baba? Mimi niko vilevile, kiti kimefungwa kamba sasa.

Nina habari njema. Bwana Koma amelegea! Mjukuu wake alizaliwa wikiendi, akaja kazini anacheka peke yake, Profesa akamsogezea kadi, naye akasaini hata bila kuvaa miwani. Nuktamkato imeshinda, kwa hiyo kila mmoja ameondoka na heshima yake. Ofisi nzima ilipumua. Mpiga chapa alituletea soda.

Kwa hiyo tumekaribia sana. Bado kadi haijatoka, maana mfano wa matumizi haujakaa sawa. Kila neno lazima liwe na sentensi ya kuonyesha linavyosemwa, na sentensi zote nilizojaribu zinanuka kitabu. Nimeandika, nimefuta, nimeandika. Lakini ni hilo tu limebaki. Nikilimaliza, nakuja.

Mchoro wako ningependa kuuona.

Kaka yako,
Msomi


17 Julai

Kaka yangu,

Hujambo? Baba hajambo. Mimi sina hakika.

Nimezitoa barua zako zote chini ya godoro nikazisoma kwa mpangilio. Uliniambia mezani mko watatu. Uliniambia kadi inasainiwa na wote watatu ndipo itoke. Profesa amesaini tangu Mei. Bwana Koma amesaini, hata miwani hakuvaa. Wa tatu ni nani, kaka?

Nilikaa na swali hilo mpaka chakula kikaungua, na baba akagonga kitanda akauliza ni nini kinanuka. Nilitamani kumjibu ni mwanao.

Miezi yote hii nimekuwa nikimchukia mzee wa watu nisiyemjua, eti kwa sababu ya vituo vyake. Kumbe mlango unafungwa kwa ndani. Wewe ndiye mwenye ufunguo, umeukalia, halafu unaniandikia kwamba umefungiwa.

Kama unatafuta mfano, nakupa mmoja, haunuki kitabu hata kidogo: "Kaka yangu ana sababu za kisomi za kutokuja nyumbani." Uandike. Saini. Njoo.

Kama huji, niambie kwa nini. Lakini unijibu kama mtu, usinijibu kama kamusi.

Futi


9 Agosti

Futi,

Sijui nianze na salamu gani. Nilikaa na barua yako muda, ndiyo maana nimechelewa.

Umegonga penyewe. Kalamu naishika, naishusha kwenye kadi, kisha nakumbuka kitu cha kubadilisha. Profesa anadhani ni umakini. Juzi aliniambia mbele ya mpiga chapa kwamba mimi ndiye neno lenyewe, nikacheka, kisha nikaificha kadi chini ya nyingine.

Naogopa kile chumba. Siogopi kazi, siogopi shuka wala kidonda. Naogopa aninyanyulie macho yale aulize, "Msomi, umefika wapi?" Nitamjibu nini? Watu wote wa mtaa wanajua naandika kamusi. Ukweli ni kwamba mimi ni msaidizi, jina langu litakuwa ukurasa wa nyuma kwa herufi ndogo, kama litakuwepo. Tangu darasa la tatu nimevishwa neno hilo kama koti la mtu mkubwa, na kila mwaka nangoja linienee. Nikiwa mbali, baba analiona koti tu. Nikiingia mlangoni ataniona mimi.

Nimewaza hivi. Chuo ukiwaandikia vizuri, ukawaeleza hali ya mgonjwa, watakuelewa tena. Mwaka mmoja tu, Futi. Mimi nitakuwa nimejiweka sawa, kamusi itakuwa imetoka, nitakuja na nakala mkononi nimwekee kifuani. Wewe una nguvu kuliko mimi, siku zote ulikuwa nazo.

Nisamehe kwa kuomba.

Kaka yako


20 Agosti

Kaka yangu mpendwa,

Natumaini uko salama. Baba hajambo na kisigino kimepona kabisa.

Naondoka tarehe moja Septemba na basi la asubuhi. Mama Cherehani ataleta cherehani yake humu ndani akae na baba mpaka jioni. Jioni anakwenda kwake, ana wajukuu wanaomngoja. Baada ya hapo hakuna mtu. Ufunguo atakuwa nao yeye.

Sikutishi. Nakueleza tu ratiba.

Umgeuze kuanzia mabegani, si kiunoni, na umwambie kabla hujamshika. Uji usiwe wa moto. Gazeti anataka kuanzia ukurasa wa mwisho. Rula usiifiche, atakuona huna adabu. Usiku akigonga, mara nyingi hahitaji kitu, anataka kujua kama kuna mtu. Itika tu, inatosha.

Nimemwambia. Nilikaa kitandani kwake nikamwambia uso kwa uso, kwa sauti ya kawaida, kwa mara ya kwanza katika nyumba hii sikunong'ona. Aliweka rula pembeni. Akauliza, "Nani atanigeuza?" Nikasema, "Msomi." Akasema, "Huyo hajawahi kugeuza hata godoro lake mwenyewe." Halafu akaomba kuuona ule mchoro wa chumba, sijui alijuaje kwamba upo, nadhani alisikia kalamu. Akautazama. Akauliza, "Huko kwenu mnajuaje kilima kina urefu gani bila kukipanda na kamba?" Nikamweleza pembe, nikamweleza umbali. Nilieleza muda mrefu, na kila nikitua alisema, "Endelea." Hakunisahihisha hata neno moja. Akalala nikiwa bado naeleza. Nikaenda jikoni nikalia vizuri, safari hii kwa sauti.

Sitawaandikia chuo barua nyingine. Nakupenda, na sitaingoja kadi yako tena.

Chuo kikifunga Desemba, nitakuja kukupokea upumzike.

Mdogo wako,
Futi


14 Septemba

Futi, mpimaji wetu,

Hujambo huko? Umepata chumba kizuri? Chakula kinalika? Sisi huku wawili hatujambo, mmoja ananung'unika kuliko mwingine, nadhani ni mimi.

Barua yako ilinifikia mwisho kabisa wa Agosti. Nilisaini kadi nimesimama, begi begani, na kwenye mfano niliandika sentensi yako kama ulivyoipanga, sababu za kisomi na kutokuja nyumbani. Bwana Koma aliisoma akasema, "Hatimaye sentensi iliyo hai." Profesa amenipa ruhusa bila mshahara na amenishikia kiti mpaka mwisho wa Desemba. Nisiporudi anampa mwingine.

Nilifika tarehe ile ile moja, giza linaingia. Mama Cherehani alikuwa ameshafunika cherehani lakini hakuwa ameondoka, alikuwa amekaa mlangoni anashona kifungo kwa mkono. Aliniangalia juu mpaka chini akasema, "Kumbe una miguu." Akanipa ufunguo.

Baba hakuuliza nimefika wapi. Aliuliza, "Neno gani limeshinda?" Nikamwambia, "-a kisomi" kwa mtu. Akasema, "Toa mfano." Nikatoa. Alicheka mpaka akakohoa, nikalazimika kumwinua, na hivyo ndivyo nilivyomshika kwa mara ya kwanza. Ni mwepesi, Futi. Hukuniambia amekuwa mwepesi hivyo.

Siku moja nikajikaza nikamuuliza kwa nini aliniandikia neno lile kwenye ripoti. Akafikiri sana. Akasema, "Kulikuwa na nafasi ya kujaza. Mpira hukujua, kuimba hukujua, kufyeka nyasi ulikuwa unalia. Ningeandika nini?" Kisha akaomba uji.

Nilikwenda kusimama uani. Sikujua nicheke au nivunje kitu. Maisha yangu yote, Futi, ni nafasi ya kujaza.

Namgeuza kuanzia mabegani. Napita kiubavu kwenye kabati. Utakuja tarehe ngapi Desemba, ili nimwandikie Profesa?

Kaka yako


3 Novemba

Mdogo wangu,

Salamu. Sisi wazima. Mimi nimechoka.

Sijapata jibu la barua yangu ya Septemba. Labda posta. Naandika kwa sababu ukuta ni ule ule wa mbao na masikio ni yale yale, nikishika simu tu anauliza ni nani. Hii nimeiandikia bafuni.

Baba anawaambia watu habari zako sasa. Mleta gesi ameshaelezwa jinsi kilima kinavyopimwa bila kamba. Mchoro wako ameniagiza niubandike ukutani mkabala na kitanda. Kwa hiyo niko ndani ya chumba, na nikiinua macho nakiona chumba tena.

Nilikuwa sijui kwamba dirisha hili nalo linatazama ukuta. Miaka yote nilikumbuka linatazama uwanja.

Futi, kiti changu kinashikiliwa mpaka mwisho wa Desemba, wakati huo wanaanza herufi ya T. Ulisema utakuja kunipokea. Niambie tarehe tu. Hata kama ni moja, niitazame.

Nakungoja.

Kaka yako


12 Desemba

Kaka yangu mpendwa,

Hujambo wewe, na hajambo baba? Mimi sijambo kabisa. Nimeungua na jua mpaka pua imechubuka, na miguu imeota ngozi nyingine.

Barua zako zote mbili nilizipata. Nilianza kujibu mara nyingi nikaishia kwenye salamu. Sikujua nikueleze vipi mambo ya huku bila kukutia uchungu, halafu siku zikapita.

Tuko kwenye mabonde. Wametugawa makundi, kila kundi na eneo lake, na mimi ndiye ninayetazama kwenye chombo. Nainua mkono, na kule mbali, mdogo kama kisoda cha chupa, mwenzangu anasogeza mti wake. Hakuna ukuta popote. Asubuhi ya kwanza nilitazama mbali mpaka macho yakatoa machozi, wakadhani ni vumbi. Mwalimu wetu alikagua michoro yangu akawaita wenzake waje waone, akanitajia lile neno lako mbele ya darasa zima. Baba alisema hupewa na wengine. Nilipewa, kaka. Nilitaka wewe uwe wa kwanza kujua, kisha nikaogopa kukuambia.

Mwambie baba kilima chetu tumekipima bila kamba. Mwambie niliieleza michoro yangu bila kutua.

Najua habari ya kiti chako. Nimeisoma, nimeielewa, sikujifanya hamnazo. Chuo kimefunga na wenzangu wengi wameshaondoka. Lakini kuna vipimo vya ng'ambo ya mto ambavyo havijakubaliana na vya upande huu, na mimi ndiye niliyevipima, siwezi kuviacha hivyo. Nikivirudia vinakaribia, lakini havikutani. Ni kidogo sana, karibu hakuna anayeona isipokuwa mimi.

Nilikuwa nakukasirikia jinsi ulivyoweza kukaa na kitu kimoja mwaka mzima. Sasa nimeona jinsi kinavyobaki.

Nishikie tu, kaka. Nimebakiza kipimo kimoja. Nikikimaliza, nakuja.

Mdogo wako,
Futi